Bafu linaziba kila baada ya wiki mbili: nitamjuaje fundi bomba anayeijua kazi?

Mwenyeji wa Shangani

Ndugu zangu, salaam. Tunaishi Shangani, Mtwara, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba, na tangu mvua zilipochanganya mwezi Januari maji ya bafuni hayashuki. Mafundi wawili wamekwisha kuja kwa nyakati tofauti. Kila mmoja alimimina dawa, akasukuma kwa mpira wa kuzibulia, maji yakashuka sote tukiyaona, akalipwa, akaondoka. Baada ya wiki mbili tulikuwa pale pale. Kinachonishangaza ni kwamba tukimwaga maji ya kufulia kwenye sinki la uani, yanaibukia kwenye tundu la sakafuni bafuni, ilhali choo kinashuka bila shida. Sipendi kumlipa mtu wa tatu kwa kazi ileile. Nitamjuaje fundi anayeijua kazi kabla hajaanza, na makubaliano ya malipo yaweje?

Fundi wa Chikongola

Pole sana, ndugu yangu. Maelezo yako yenyewe yamekwisha kutoa nusu ya jibu, na fundi yeyote aliyekuja angepaswa kukuuliza hayo kabla ya kufungua mkoba wake.

Sinki likiziba peke yake, tatizo huwa liko karibu, kwenye lile bomba lililopinda chini yake ambalo hubakiza maji ili harufu isipande ndani. Hilo hata wewe unaweza kuweka ndoo chini, ukalifungua kwa mkono na kulisafisha. Lakini maji ya sinki yanapoibukia bafuni, maana yake ni kwamba mabomba hayo mawili yanakutana mahali, na kizuizi kiko mbele ya makutano hayo. Dawa inayomiminwa juu hufika pale ikiwa imekwisha kuzimuliwa na maji yaliyotuama, ikatoboa kijia chembamba tu katikati ya uchafu. Kijia hicho ndicho kilichokupa wiki mbili.

Kwa hiyo fundi wa kweli utamjua kwa swali lake la kwanza: chemba, yaani vile vishimo vyenye mfuniko vya kukagulia bomba la majitaka, ziko wapi? Akiinua mfuniko wa chemba iliyo mbele ya bafu na kukuta imejaa, kizuizi kiko kati ya chemba hiyo na karo, yaani shimo la majitaka, au karo lenyewe limejaa. Akiikuta kavu wakati bafu limefurika, kizuizi kiko nyuma, kati ya chemba na nyumba. Kwa kuwa choo chako kinashuka, nadhani utaikuta kavu. Baada ya hapo huingiza waya wa kuzibulia kutokea chemba kuelekea bafuni, na kwa kupima urefu wa waya ulioingia anaweza kukuonyesha juu ya sakafu mahali ulipogota.

Nakusihi pia umweleze fundi atakayekuja kwamba ndani ya bomba kuna dawa. Nyingi kati ya dawa hizo ni kostiki soda, ambayo huchemka ikikutana na maji, huweza kulainisha bomba la plastiki, na humuunguza macho anayefungua kiungo bila kujua. Asije mtu akaongeza asidi juu yake, wala kuchanganya asidi na dawa ya kung'arishia nguo, kwa sababu mchanganyiko huo wa pili hutoa hewa ya klorini, na bafu zetu nyingi zina kidirisha kimoja tu.

Mama wa Lindi

Mwanangu, fundi amesema kweli, ila mimi nitakuuliza la jikoni: maji ya kuoshea masufuria mnamwaga wapi? Kama ni kwenye sinki hilohilo la uani, basi tui lina mkono wake humo. Sisi tunaopika samaki na mboga kwa nazi tunamwaga mafuta yake kila siku bila kuyaona. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Juni na Julai huku kwetu hufika huko. Ndani ya bomba lililofukiwa yakishika ukuta hunasa machicha, magamba ya samaki na mchanga wa miguuni. Mimi siku hizi nafuta sufuria kwa karatasi kabla ya kuiosha, na machicha wanakula kuku.

Kuhusu malipo, mimi huandika nusu ukurasa: kazi ni ipi, vifaa nanunua mwenyewe na risiti nabaki nazo, na nusu ya ufundi naishikilia kwa mwezi mzima. Kijana wangu wa sasa alisoma chuo cha ufundi cha VETA, lakini nilimchagua kwa sababu alikubali kunipeleka kwenye nyumba mbili alizokwisha kufanya kazi.

Fundi wa Chikongola

Mama yangu, shikamoo. Kwa heshima zote, hilo la mwezi mzima siliafiki. Fundi hana mamlaka juu ya kitakachomwagwa sinkini siku ya ishirini, na nusu ya ufundi mara nyingi ndiyo chakula cha nyumbani kwake. Ninaloona ni la haki ni majaribio ya siku ileile: mmwage ndoo tatu au nne kwa mkupuo kwenye sinki, mtu mmoja akiwa amesimama kwenye chemba, na maji yatoke huko kwa nguvu ileile yaliyoingia nayo. Tena fundi akuonyeshe alichokitoa. Asipokuwa na cha kukuonyesha, hakuzibua kitu. Malipo yote yafuate hapo.

Mpangaji wa Magomeni

Naongeza moja tu. Ikigundulika kuwa ni karo, liitwe gari la kunyonya majitaka, wala asikubaliwe mtu kuingia ndani kwa ndoo, hata karo likionekana tupu. Hewa iliyomo humwangusha mtu kabla hajapata nafasi ya kuita.

Mwenyeji wa Shangani

Mama, shikamoo, na ahsanteni nyote. Narudi baada ya siku kumi.

Mafundi wanne niliowapigia simu niliwauliza lile swali la chemba kinyume, yaani nilieleza tatizo kisha nikanyamaza. Watatu walitaja bei papo hapo. Wa nne aliuliza chemba ziko wapi, nami nikaona aibu kwa kuwa sikujua. Alipofika alifuata bomba la choo kutokea nje, akagonga sakafu ya uani kwa nyundo hadi sauti ilipobadilika: chemba ilikuwa imefukiwa chini ya saruji tuliyomwaga wenyewe mwaka juzi ili ua upendeze. Tulipoivunja tuliikuta kavu, kama alivyokisia fundi wa Chikongola.

Waya uligota mita mbili na nusu kutoka kwenye chemba. Alipochimba hapo, bomba lilikuwa limebonyea katikati kwa sababu mchanga wa chini yake ulichukuliwa na maji ya mvua ya paa, kwa hiyo badala ya kuteremka sentimita 2 au zaidi kwa kila mita lilikuwa limefanya bakuli. Humo mlijaa mchanga uliogandana na utando mweupe wa mafuta, na mama wa Lindi ameshinda kesi. Fundi alibadilisha mita tatu za bomba, akashindilia kifusi chini yake, akaweka mfuniko wa chemba unaoinuka kwa mikono miwili. Tulimwaga ndoo nne, nami ndiye niliyesimama kwenye chemba. Nililipa yote jioni ileile, na kesho anarudi kuelekeza maji ya paa upande mwingine, kazi ambayo tumeipatania bei yake peke yake.