Tupeane uzoefu: kimbunga kilikukuta wapi?

Mwana Mikindani: Upepo wa jana usiku umenirudisha Aprili 2019, kimbunga Kenneth. Mtwara nzima gari la matangazo linapita, shule zimefungwa, wa pwani na mabondeni wahame. Mama kafunga vyombo kwenye kanga, kuku tumewabeba. Kikaenda kupigia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Ninyi kilikukuteni wapi?

Kaka Mbagala: Jobo, 2021. Dar tumejifungia ndani, chenyewe kikafifia baharini. TMA, wale wa hali ya hewa, wanapenda kututisha.

Bi Shangazi: Kufifia baharini ndiyo dua yetu, mwanangu. Ulitaka kije kwako upige picha?

Utingo Mstaafu: Mimi Hidaya, Mei 2024. Tunatoka Lindi na lori la nazi, redio inasema kimeshaingia Mafia na kinapungua nguvu. Dereva akasema basi, kimekwisha, twende. Upepo kweli ulikuwa umelegea, ila mvua ilikuwa haijasikia hiyo taarifa. Kufika maeneo ya Somanga foleni imesimama, watu wako nje na tochi. Nikashuka. Mbele maji yanapita juu ya lami kwa kishindo, na kila ukimulika kipande kingine cha barabara kimemeguka kama biskuti kwenye chai. Kugeuza tukashindwa, na habari zikaja kwamba nyuma nako maji yamekata. Tukawa kisiwani. Basi la mbele yetu lilikuwa na mama mjamzito, uchungu umeanza. Abiria wanawake wakashusha wanaume wote mvuani, wakaziba madirisha kwa khanga. Dereva wetu, yule aliyesema kimekwisha, ndiye aliyekuwa akisoma Yasin kwa sauti kuliko wote.

Kaka Mbagala: Mjamzito ikawaje?

Mpemba Halisi: Yote hayo mapya. Pwani yetu haina vimbunga, wazee hawakuvijua.

Mwalimu Jiografia: Wazee wapi, sheikh? Aprili 1872 Unguja ilipigwa, mikarafuu ikalala chini na merikebu za Sultan Barghash zikazama. Lindi 1952. Ni nadra, si kwamba havipo. Kimbunga kinataka bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27, tena joto lishuke mita kama 50. Mvuke unapanda, ukipoa unatoa joto, hewa inazidi kuvutwa. Kuzunguka kwa dunia ndiko kunakokisokota, na karibu na ikweta msokoto huo ni dhaifu. Mtwara iko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, Mafia karibu 8, Pemba 5. Kwa hiyo wewe Mpemba una nafuu, lakini usitusemee sisi.

Mpemba Halisi: Nafuu gani wakati boti za Unguja zilisimama kwa Hidaya? Nimelala bandarini mimi.

Bi Shangazi: Mjamzito jamani!

Fundi Mabati: Ushauri: upepo ukizidi fungua madirisha, presha ilingane, paa lisiruke.

Mwalimu Jiografia: Usiwaue watu fundi. Upepo ukishaingia ndani ndio unaolisukuma paa kwa chini. Funga yote, kaa chumba cha katikati. Na kikitulia ghafla msitoke, huenda ni jicho, yaani katikati ya kimbunga palipotulia, linapita; upepo unarudi kutoka upande wa pili.

Fundi Mabati: Mimi nimepiga mabati tangu hujazaliwa.

Kaka Mbagala: Ndiyo maana yanaruka.

Mwana Mikindani: 😂😂 Ila kuhusu TMA tuwe waungwana. Njia ya kimbunga wanaikisia vizuri siku mbili tatu kabla, nguvu yake ndiyo inayowapiga chenga, hata wakubwa wa Marekani. Freddy wa 2023 alitoka upande wa Australia, akapiga Msumbiji, akarudi baharini, akapiga tena, Malawi ikazama kwa mvua. Njia ingesogea kaskazini kidogo, Kenneth angekuwa wetu.

Dada wa Kilwa: Kwetu minazi na nyumba za udongo zilikwenda. Maji ndiyo yaliyotumaliza, upepo tuliuzoea.

Utingo Mstaafu: Nilikuwa sina bando. Alijifungua palepale kwenye basi, mtoto wa kike. Asubuhi wavuvi wakawavusha kwa mtumbwi. Nazi zetu zikaoza, na tajiri akanikata mshahara.

Kaka Mbagala: Huyo tajiri aletewe uzi wake.