Amplifaya ya gari umeifunga wapi isichemke? Tupeane uzoefu

Mpenda Besi: Wakuu, jana nimerudi safari ya saa tatu na kila baada ya dakika arobaini mziki unakata wenyewe. Nasimama, nafungua buti, taa ya kijani imegeuka nyekundu na amplifaya huwezi kuiwekea kiganja. Ikipoa robo saa inawaka kama hakuna kilichotokea. Iko ndani ya shimo la tairi la akiba, fundi aliiweka humo ili nafasi ya mizigo ibaki, juu kuna ubao na kapeti. Ya kwanza niliiunguza kwenye gari la zamani na sitaki yale yajirudie. Ninyi mmefunga wapi? Semeni yaliyowakuta.

Waya Mnene: Mimi pia nilianzia humo humo shimoni. Joto halina pa kutokea, na mpira wa buti ukichoka maji ya mvua yanaishia hapo. Itoe.

Fundi wa Jioni: Inayokata na kurudi inajilinda, mkuu. Ina kihisi cha joto ndani. Amplifaya ya aina ya klasi AB karibu nusu ya umeme inaoupokea inaugeuza joto, ya klasi D inapoteza kidogo kuliko hapo. Yale mapezi ya alumini ndiyo yanayolitema hilo joto, kwa hiyo yaachie hewa, vidole vinne kila upande. Mimi nazifunga mgongoni mwa siti ya nyuma, mapezi yakisimama wima, hewa ya moto inapanda katikati yake yenyewe.

Siti ya Mbele: Yangu iko chini ya siti ya abiria mwaka wa tatu. Ndogo, klasi D, haijakata hata siku moja. Msiwatishe watu.

Mama Wawili: Chini ya siti. Nimesoma hayo maneno mikono ikanilegea, ngoja niseme.

Ilikuwa usiku, wanangu wamelala nyuma. Amplifaya ilikuwa chini ya siti ya mbele, na siku hiyo nilikuwa nimeisukumia blanketi la mtoto pale chini kwa sababu mizigo ilijaa. Kwanza nikasikia harufu, kama plastiki iliyosahaulika jikoni. Nikadhani ni ya nje, nikapandisha vioo. Dakika mbili baadaye moshi ukatoka miguuni pa siti, mweupe, mzito. Nilisimamisha gari sijui vipi. Mkubwa nilimtoa kwa mkono, mdogo mkanda ulikataa kufunguka, nikavuta, nikavuta, nikaikata kwa meno sehemu ya nguo yake iliyokuwa imenasa. Kapeti lilikuwa linawaka moto mdogo wa bluu. Dereva wa lori alisimama nyuma yetu na kizimamoto, ndiye aliyefungua boneti akachomoa kichwa cha betri. Hadi leo mdogo akisikia harufu ya kuungua anauliza kama tushuke.

Dereva wa Usiku: Pole sana dada. Nimesoma nikiwa nimesimama.

Waya Mnene: Dada pole. Walipofungua walikuta nini? Amplifaya yenyewe iliungua?

Mama Wawili: Amplifaya ilikuwa nzima. Reli ya siti ilikuwa imeukata waya mwekundu wa umeme unaotoka kwenye betri. Na karibu na betri hapakuwa na fyuzi.

Siti ya Mbele: Basi si joto la amplifaya! Ni waya na fundi mzembe. Tusichanganye mambo, mtu ameuliza kuhusu kuchemka.

Fundi wa Jioni: Unamjibu mtu aliyetoa watoto kwenye moshi kwa sauti hiyo? Waya ulipita kwenye reli kwa sababu amplifaya iliwekwa pale. Mahali ndiyo habari yenyewe. Fyuzi ya kwanza ikae kwenye waya wa betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Inalinda waya, hailindi amplifaya.

Siti ya Mbele: Sikumkosea dada, nimuombe radhi kama imesikika hivyo. Lakini bado nasema chini ya siti panafaa ukipitisha waya vizuri na usiposhindilia vitu.

Boksi Kubwa: Jamani, mimi nimeifunga juu ya boksi la sabufa, inapoa vizuri tu, hewa ipo pande zote.

Waya Mnene: Inapoa, ila mtikisiko. Yangu ililegea skrubu, kisha lehemu ndani ikapasuka, upande mmoja ukawa kimya. Jitengee ubao pembeni.

Dereva wa Usiku: Na usiigeuze kichwa chini kwenye ubao wa nyuma. Joto linapanda kuelekea kwenye sakiti badala ya kutoka.

Boksi Kubwa: Weka feni mbili za kompyuta za volti 12, umemaliza.

Fundi wa Jioni: Feni sawa, ila usizitundike moja kwa moja kwenye waya mwembamba wa rimoti, ule wa redio unaoiwasha amplifaya, utaunguza redio. Weka rilei, swichi inayowashwa na waya huo. Na feni ndani ya shimo lililofunikwa inazungusha hewa ile ile ya moto. Mpenda Besi, sabufa zako umeziunganishaje?

Mpenda Besi: Mbili, za omu 4 (kipimo cha ukinzani) kila moja, sambamba, amplifaya imeunganishwa bridji, yaani chaneli zake mbili zimeunganishwa kuwa moja.

Fundi wa Jioni: Sambamba inakuwa omu 2. Soma kitabu chake. Nyingi zikiwa bridji hazitakiwi kushuka chini ya omu 4. Hata ukiifunga kwenye barafu itachemka.

Siti ya Mbele: Hapo nakubaliana na fundi.

Mpenda Besi: Nimesoma, ni omu 4 kweli. Nimechomoa sabufa moja, amplifaya nimeihamishia mgongoni mwa siti, mapezi wima, geini (kitufe cha kiwango cha ukuzaji) nimeishusha. Nimezunguka saa mbili juani, kiganja kinakaa bila shida. Besi imepungua kidogo, nitazoea.

Mama Wawili: Na fyuzi ya kwenye betri umeiangalia?