Tupeane uzoefu: Mgonjwa wa kisukari akipata sepsisi (maambukizi yanapoufanya mwili uanze kuharibu viungo vyake), daktari anasoma nini kwenye damu yake?

Mpwa wa Tanga
Wakuu, heshima kwenu. Mama mkubwa ana kisukari cha miaka mingi, miguu imekufa ganzi. Kiatu kikamchubua kidole, kidonda kikaoza bila yeye kusikia maumivu. Tunamfikisha hospitali anaongea ovyo, mashine ya sukari inaandika HI, yaani imepita kipimo chake. Ndugu wote macho kwenye sukari. Iliposhuka tukaanza kupongezana koridoni, daktari wa zamu akatuangalia tu: "Sukari tutaimudu. Mimi nasubiri lakteti." Bado yuko wodini. Waliouguza na walio kwenye fani, mliona nini?

Sista_Zamu ya Usiku
Pole sana ndugu yangu. Niko wodi ya mahututi. Lakteti ni kemikali inayobaki mwili ukichoma sukari bila oksijeni ya kutosha, hupanda pale mwili unapozidiwa na damu haizifikii nyama vizuri. Ikipita 2 (milimoli kwa lita) tunakaa macho, ikifika 4 hata kama presha inaonekana nzuri hatumwachi mgonjwa. Ila namba ya kwanza siiogopi kama ya pili. Akishapata dripu na antibayotiki tunarudia baada ya saa chache: ikishuka napumua, ikigoma au ikipanda namwamsha daktari.
Kwa wenye kisukari kuna mtego. Metformini, vidonge vya kisukari, figo zikiwa zimechoka inaweza kupandisha lakteti, na ketoni (asidi zinazotoka mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini) zikijaa pia inapanda. Semeni dawa zote anazotumia, na za mitishamba msifiche.

Mzee wa Maabara
Naongezea la upande wetu. Hiyo damu ya lakteti haitaki kuzubaa. Chembe zinaendelea kula sukari humo humo kwenye chupa na kutoa lakteti, kwa hiyo tunatumia ile ya kifuniko cha kijivu, inawekwa kwenye barafu na kukimbizwa. Mkono ukifungwa mpira muda mrefu nayo inadanganya. Nimeshaletewa sampuli iliyosahaulika dirishani, majibu yake ya kutisha, mgonjwa mwenyewe amekaa anakunywa uji!

Kitinda Mimba
Baba yangu alitangulia kwa ugonjwa huu, alikuwa na kisukari pia. Kwake kilichotangulia kuharibika ni chembe sahani, zile za kugandisha damu. Aliingia akiwa nazo za kawaida, zaidi ya 150 (kwa hesabu ya maelfu), zikawa zinashuka kila karatasi inayotoka, mpaka chini ya 50. Kriatinini, taka ambayo figo hutakiwa kuichuja, nayo inapanda, mkojo kwenye mfuko umebaki kidogo, rangi kama chai ya rangi. Hakuna aliyetuambia maana yake. Nilizipanga zile karatasi kitandani moja baada ya nyingine nikajionea mwenyewe. Ningependa daktari anikalishe aniambie, kuliko kuja kuelewa hivyo.

Sista_Zamu ya Usiku
Kitinda Mimba, pole mno. Uliyoyaona ndiyo tunayoyahesabu: chembe sahani, kriatinini, bilirubini (rangi ya njano inayojaa ini likishindwa), pamoja na pumzi, presha na fahamu. Kila kiungo kina alama zake, zikijumlishwa zikawa nyingi hatari ni kubwa.

Bin Kisauni
Huku Mombasa ndugu yangu alipimwa prokalsitonini, kipimo cha damu cha kufuatilia maambukizi, na bei yake si mchezo. Tukaambiwa hupanda sana maambukizi yakiwa ya bakteria, na dawa ikifanya kazi hushuka karibu nusu kwa siku. Yake ilikwama juu siku zote hizo. Kumbe usaha umejificha ndani ya mguu! Ulipopasuliwa ukatolewa ndipo ikateremka. Siku hizi yuatembea na fimbo, ubishi wake ule ule.

Mpwa wa Tanga
Asanteni. Na sukari yenyewe, ikiwa chini ndiyo salama?

Mzee wa Maabara
Hapana mkuu! Kwa mgonjwa kama huyo, sukari ikianguka ghafla ni ishara mbaya pengine kuliko ikiwa juu kidogo. Ini limeishiwa, au figo zimeshindwa kuiondoa insulini. Wengi huanza kumpa insulini sukari ikifika 10 (milimoli kwa lita), na hawaikimbizi hadi chini kabisa. Muulize daktari majibu ya kuotesha damu (kutafuta kijidudu gani kimo) yametoka? Hayo ndiyo yatakayosema kama antibayotiki aliyopewa ndiyo yenyewe au ibadilishwe.

Mpwa wa Tanga
Bado hayajatoka. Lakteti ya leo asubuhi 2.6, jana ilikuwa 4.8. Naingia kumwona saa kumi.