Waonyesha vyuma vya zamani, geuzeni kranki tuone mgongo!

Wakuu, salaam. Leo sina adabu nyingi, mtanisamehe.

Tangu lini baiskeli ya mbio ikawa kitu cha kulazwa kwenye kitambaa chekundu? Kila siku humu jukwaani ni yale yale: kranki (mkono unaoshika pedali) ya Campagnolo Nuovo Record, vyuma vya zamani vya Kiitaliano vya baiskeli za mbio, imewekwa ubavu, taa inaipiga pembeni, inang'aa mpaka unaona pua ya mpiga picha. Chini yake "moto!", "heshima mkuu", mioyo mfululizo. Haina mnyororo, haina pedali, grisi haijaionja tangu mwenyewe aipate. Na hakuna hata mmoja anayeigeuza upande wa pili.

Nina hasira kwa sababu nimepigwa. Nilinunua kranki kwa mmoja wa mabingwa hawa wa picha. Kabla ya kulipa niliomba picha ya mgongo. Akanijibu, "Mkuu, hii haijawahi kuguswa, waulize wanaonijua." Wapambe wakadakia: huyu ana wivu, huyu hajui thamani ya kitu. Nikaona haya, nikalipa. Hapo nilikosea mwenyewe, sibishi.

Ikafika. Nzuri kweli, sikatai. Nikachukua kitambaa chenye spiriti nikafuta polishi kwa nyuma, pale mkono wa kranki unapoungana na ile nyota ya miguu mitano inayoshika sahani za meno. Kranki zile zina utando mwembamba wa alumini kwenye pembe, kati ya mkono na miguu miwili ya jirani. Kila ukikanyaga pedali mkazo unakusanyika hapo, na hapo ndipo zinapopasuka. Fundi aliyezizoea anaanzia hapo kuangalia, na wengine huipiga tupa ile pembe iwe mviringo kabla ufa haujaanza.

Polishi ilipotoka ukabaki mstari mweusi, mwembamba kama unywele. Nikapitisha ukucha, ukanasa. Nikajiambia labda ni macho tu. Nikapaka mafuta mepesi, nikasubiri, nikafuta mpaka pakakauka, nikanyunyiza unga wa chaki. Muda si mrefu mafuta yakajichora juu ya chaki, mstari ule ule, kutoka pembeni kwenda ndani. Nikamtumia picha. "Huo ni mkwaruzo tu, mkuu." Mkwaruzo unaokunywa mafuta na kuyatapika?

Mnajua kranki kama hii inakatika lini? Si ikiwa imelala kwenye kitambaa chekundu. Inakatika umesimama juu ya pedali unapanda mlima, mwili mzima uko kwenye mguu mmoja.

Halafu hiyo polishi yenyewe. Alumini ile ilitoka kiwandani na ngozi ngumu ya kinga, haikutoka ikimetameta kama kioo. Mnaichuna kwa msasa, mnaisugua mpaka maandishi ya nembo yanafifia, kisha mnaandika "hali ya kiwandani". Kiwanda gani hicho?

Na miaka! Kuna mwingine katutandikia "seti kamili ya 1972, hakuna kilichobadilishwa". Ukikuza picha, kwenye kibadilisha gia cha nyuma pamechapwa PATENT-81, yaani 1981. Kiwanda kimemwandikia mwaka juu ya chuma, yeye anabishana nacho.

Hayo ningeyameza. Lililonimaliza ni la yule kijana aliyeuliza kwa heshima kama vikombe vya Kiingereza vya ekseli ya kranki (vile vinavyofungwa kwa thredi ndani ya fremu kushika ekseli) vitaingia kwenye fremu yake ya zamani ya Kifaransa. Mabingwa wale wale, wenye makabati yaliyojaa, wakamwambia "itaingia tu, kaza taratibu". Haiingii, jamani! Ya Kifaransa ni milimita 35 na hatua ya thredi, umbali wa jino hadi jino, ni milimita 1 kamili. Ya Kiingereza ni inchi 1.37, yaani kama milimita 34.8, thredi 24 kwa inchi. Zinakaribiana kiasi cha kukudanganya: inashika mizunguko miwili mitatu, kisha inaanza kula thredi za fremu. Tena kikombe cha kulia cha Kiingereza kinafungwa kinyume, wakati fremu nyingi za Kifaransa zinafungwa kawaida pande zote mbili. Pedali nazo hivyo hivyo, milimita 14 dhidi ya inchi 9/16. Mtu mwenye vikombe ishirini kabatini hajui hili? Basi hajawahi kukifunga hata kimoja.

Kampuni ya Campagnolo ilianzishwa Vicenza, Italia, mwaka 1933 na Tullio Campagnolo, na yeye mwenyewe alikuwa mwanambio. Vyuma vyake vilitengenezwa vilowe mvua na vipigwe na matope. Sisemi msikusanye, kila mtu na starehe yake. Ila ukikitoa kabatini kumuuzia mtu atakayekikanyaga, futa polishi kwanza.

Na wewe uliyeniuzia, unajijua, na najua unasoma hapa. Kranki yako ninayo mezani, chaki sijaifuta.

Wengine: natafuta mkono wa kulia, urefu milimita 170, matundu ya kufungia sahani za meno kwenye duara la milimita 144, thredi ya pedali ya Kiingereza. Ukiwa nao nitumie picha. Ya mgongo ianze.