MJADALA: Sanamu za Lewis na Clark ziondolewe, zirekebishwe, au zibaki zilivyo?

Mleta mada (Louisville, Kentucky)

Wanajamvi, salaam kwenu.

Naishi Louisville, mji ambao siku hizi ukipanda basi hukosi kusikia Kiswahili cha Kongo. Kando ya mto Ohio, katikati ya mji, kuna sanamu ya shaba ya mtu mweusi anayeitwa York. Ni kazi ya mchongaji Ed Hamilton, ilisimamishwa mwaka 2003. Nilipita pale mara nyingi kabla sijauliza huyu ni nani. Nilipojua, nikaona nilete jambo hili hapa tulijadili.

Kwa wasioifahamu habari yenyewe: mwaka 1803 Marekani ilinunua kutoka kwa Ufaransa eneo kubwa lililoitwa Louisiana, kwa dola milioni 15. Rais Thomas Jefferson akamtuma katibu wake, Meriwether Lewis, aupande mto Missouri, avuke milima na kuitafuta njia ya kufika bahari ya Pasifiki. Lewis akamwalika William Clark. Walikutana hapa kwetu, kwenye maporomoko ya Ohio, Oktoba 1803. Clark alikuja na York, mtumwa wake tangu walipokuwa vijana. Mei 14, 1804 msafara uliondoka karibu na St. Louis, Novemba 1805 ukafika Pasifiki, na Septemba 23, 1806 ukarudi St. Louis.

York alikwenda njia nzima. Alivuta mashua, alipewa bunduki akawinda. Sajini Charles Floyd alipougua tumbo Agosti 1804, Clark mwenyewe aliandika kwamba aliyemuuguza zaidi ya wengine ni York. Floyd alifariki siku iliyofuata, na ndiye pekee aliyekufa katika msafara wote. Novemba 1805, walipotaka kuamua wapitishe wapi majira ya baridi, kila mmoja aliulizwa maoni yake, na ya York yakaandikwa kwenye daftari pamoja na ya wengine.

Sasa njooni kwenye malipo. Mwaka 1807 Bunge la Marekani liliwalipa askari wa msafara mshahara maradufu, na kila mmoja akapewa hati ya ekari 320. Lewis na Clark walipata ekari 1,600 kila mmoja. Toussaint Charbonneau, mkalimani aliyejiunga nao njiani, naye akalipwa fedha na ardhi. Mkewe Sacagawea, mama wa kabila la Washoshone, wenyeji wa milimani, aliyebeba mtoto mchanga mgongoni hadi Pasifiki na kurudi, hakupata senti. York hakupata senti wala ekari. Aliomba tu aachwe huku Louisville karibu na mke wake, ambaye alikuwa mtumwa wa watu wengine. Clark alikataa. Barua alizomwandikia kaka yake Jonathan zimehifadhiwa, na ndani yake Clark anasema kwa mkono wake kwamba alimpiga York, akatishia kumuuza New Orleans.

Hoja yangu inatoka hapo. Huko Charlottesville, Virginia, kulikuwa na sanamu ya mwaka 1919: Lewis na Clark wamesimama wima wakitazama mbali, Sacagawea amechutama nyuma yao. York hayumo kabisa. Julai 10, 2021 baraza la mji lilipiga kura na sanamu ikaondolewa siku hiyohiyo. Mimi nasema walifanya sawa. Sanamu ya mtaani ni heshima ya umma, na heshima ile iligawiwa kwa kufuata orodha ya malipo ya 1807: waliolipwa wakasimama, asiyelipwa akachutama, na mtumwa akafutwa.

Lakini zipo nyingine nyingi zinazofanana na ile kwenye miji ya njia nzima. Tuzifanyeje? Karibuni.

Mchangiaji wa 1 (Arusha)

Dada, ahsante kwa mada nzito. Mimi ni mwalimu wa historia na naomba kutofautiana nawe.

Kwanza, tusiwapunje watu kazi waliyoifanya. Hawa walikwenda kilomita zaidi ya 12,000 kwa mashua, farasi na miguu. Kwenye maporomoko makuu ya Missouri walizungusha mitumbwi na mizigo nchi kavu kwa karibu maili 18, miguu imechanika kwa miiba, kazi ikala karibu mwezi mzima. Ramani ya Clark ilitumika miaka mingi. Mimea na wanyama waliowaandika ni mamia, na kila siku, hata wakiwa na njaa, kuna mtu aliyeketi akaandika. Hiyo ni kazi ya elimu. Msafara ule haukuwa jeshi la kuteka nchi.

Pili, na hapa ndipo nataka unijibu: umemjua York kupitia nini? Kupitia madaftari yao na barua zao. Bila Lewis na Clark kuandika, York angekuwa amepotea kama maelfu ya watumwa wengine. Unamtoa barabarani shahidi huyohuyo unayemtegemea.

Tatu, mchezo wa kuangusha sanamu haujui kuchagua. Mwanzoni mwa 2021, kwenye bustani ya Mount Tabor, Portland, msanii asiyejitaja jina aliweka sanamu ya kichwa cha York. Watu wakapenda. Julai mwaka uleule ikang'olewa na kuvunjwa. Ukihalalisha kuondoa, mwenye nguvu kesho ataondoa ya kwako.

Pendekezo langu: ziachwe, ziongezewe kibao cha maelezo. Na York asimamishwe kando yao.

Mchangiaji wa 2 (Nairobi)

Mwalimu, shikamoo. Naingia hapo kwenye "hawakwenda kuteka nchi".

Msafara wenyewe uliitwa Kikosi cha Ugunduzi. Waligundua nini? Alexander Mackenzie alikuwa ameshavuka bara hilo upande wa Kanada na kufika Pasifiki mwaka 1793, miaka 12 kabla yao. Na kila walikofika walikuta watu. Majira ya baridi ya kwanza waliishi jirani na vijiji vya Wamandan na Wahidatsa, wakala mahindi yao. Farasi wa kuvukia milima waliwapata kwa Washoshone, na hapo bahati ya ajabu iliwaokoa, maana chifu Cameahwait alikuwa kaka yake Sacagawea, yule binti aliyetekwa na Wahidatsa akiwa mdogo. Waliposhuka milima ya Bitterroot Septemba 1805 walikuwa wameshachinja farasi wao wenyewe kwa njaa. Watu wa kabila la Nez Perce ndio waliowapa samaki wakavu na mizizi ya camas, wakawaonyesha miti ya kuchonga mitumbwi, wakawatunzia farasi hadi mwaka uliofuata. Wazee wa Nez Perce wanasimulia kwamba mama mmoja, Watkuweis, ndiye aliyewaomba wenzake wasiwaue wageni hao, kwa sababu weupe waliwahi kumtendea wema.

Sasa tazama malipo ya wema huo, maana dada amezungumzia malipo. Jefferson aliwapa kina Lewis medali za kugawa, zina picha ya mikono iliyoshikana na maneno ya amani na urafiki. Julai 1806, Lewis na wenzake watatu walipigana na vijana wa kabila la Blackfeet waliojaribu kuchukua bunduki na farasi, vijana wawili wakauawa. Lewis aliacha medali shingoni mwa mmoja wao, ijulikane wao ni kina nani. Mwaka 1823 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba taifa lililogundua ndilo lenye milki, mwenyeji ana haki ya kukaa tu. Clark mwenyewe alikuwa msimamizi wa mambo ya wenyeji kule St. Louis hadi alipofariki 1838, na mikataba mingi ya kuwaondoa watu kwenye ardhi yao ilipita mkononi mwake. Nez Perce walikatiwa karibu sehemu tisa kwa kumi za ardhi yao kwa mkataba wa 1863, baada ya dhahabu kuonekana. Mwaka 1877 walifukuzwa kwa vita. Chifu Joseph alisalimu amri Oktoba 5, karibu na mpaka wa Kanada. Ni miaka 72 tu tangu wale samaki wakavu.

Kwa hiyo daftari lilikuwa elimu, sawa. Lakini neno "ugunduzi" lilikuwa dai la ardhi. Na sanamu ya mtu anayetazama upeo wa macho kana kwamba mbele yake hakuna mtu ndilo dai lenyewe, limefanywa shaba.

Mleta mada

Mwalimu, la shahidi nalijibu. Ni kweli York tunamjua kupitia wao, na madaftari hayo sitaki yaguswe hata ukurasa mmoja. Yawekwe maktaba, yasomwe. Ila mtaani hatusomi, mtaani tunaambiwa nani mkubwa.

Tena shahidi huyo ana maslahi. Mwaka 1832 Clark alimwambia mwandishi Washington Irving kwamba alimpa York uhuru, akampa gari na farasi, biashara ikamshinda, York akajutia uhuru wake, akawa anarudi kwa bwana wake ndipo kipindupindu kikamuua njiani. Huyo ndiye mtu aliyempiga kwa kutaka kukaa na mkewe. Nikubali kwamba York alijutia uhuru kwa sababu mmiliki wake amesema? Hapana, siwezi.

Na kibao cha maelezo kilishajaribiwa. Charlottesville waliongeza kibao cha kumsifu Sacagawea mwaka 2009. Mpita njia aliendelea kumwona mama amechutama.

Mchangiaji wa 3 (Bagamoyo)

Habari zenu ndugu. Naomba nivute kamba kidogo upande wetu, kwa sababu kiungo kipo kweli.

Mwaka 1867 Henry Morton Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti la Missouri, akiripoti vita na mikataba ya serikali ya Marekani na wenyeji wa nyanda za magharibi. Miaka minne baadaye alishuka Unguja, akavukia huku kwetu, akaajiri wapagazi, akaelekea Ujiji. Shule ile ya safari, bendera mbele na mizigo kichwani mwa mtu mwingine, alikuwa ameshaiona.

Lakini kuna tofauti inayoniumiza. Wapagazi wa pwani walipatana mshahara kabla ya kuondoka, na sehemu walipewa mkononi mapema. Wengine walikuwa watumwa, na mabwana zao walichukua fungu. Viboko vilikuwepo. Hata hivyo Sidi Mubarak Bombay, aliyemwongoza mpelelezi Mwingereza Speke na baadaye akawa na Stanley, alipata medali ya fedha na kiinua mgongo kutoka kwa jumuiya ya jiografia ya London. York hata fungu la mtumwa hakupewa. Cheo chake cha sajini wa heshima kilitoka kwa Rais Clinton mwaka 2001, yeye na Sacagawea pamoja. Miaka 195 baada ya safari kwisha!

Mimi niko na dada. Ziondoke.

Mchangiaji wa 1 (Arusha)

Marahaba, mwanangu wa Nairobi. Umenipa kazi, na la neno "ugunduzi" nimelichukua. Darasani sitalitumia tena bila kulifafanua.

Lakini hamjanijibu nani anaamua. Baraza lile la Charlottesville lilikutana kwa dharura, sanamu za Lee na Jackson, majenerali wa upande uliotetea utumwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, zilikuwa zimeshang'olewa asubuhi, mafundi na winchi wapo, wakasema basi na hii. Jambo la karne nzima kuamuliwa hivyo, mnaona sawa?

Mchangiaji wa 2 (Nairobi)

Mwalimu, kura ya kwanza ya kuihamisha ilipigwa mwaka 2019, si siku ile tu. Na kabla ya hapo baraza liliwaalika Washoshone wa uzao wa Sacagawea waje kuiona kwa macho yao. Waliiona, wakasema inawadhalilisha. Mimi hapo ndipo swali la nani anaamua linapojibika: mwulize mwenye bibi. Isitoshe haikuyeyushwa, ilikabidhiwa kituo cha makumbusho ya msafara huohuo, mjini hapohapo. Kule mwalimu anaweza kusimama mbele yake na wanafunzi akasema kila kitu.

Mchangiaji wa 1 (Arusha)

Hilo la kuwaalika uzao wake sikulijua. Kama utaratibu ni huo, wenyewe kuulizwa na sanamu kwenda penye mwalimu, pingamizi langu linapungua. Halijaisha. Miji midogo ya Montana na Idaho haina kituo cha makumbusho kila mahali, na kule nadhani kuongeza York na Nez Perce kwenye uwanja uleule bado ni bora kuliko kuacha jukwaa tupu. Ila nisaidieni: kibao cha York kiandikwe nini? Maana "mwandani mwaminifu wa Clark" sitaki.

Mleta mada

Mimi ningeandika hivi: "York. Alimilikiwa na William Clark. Alikwenda hadi Pasifiki na kurudi, 1803–1806. Hakulipwa."

Mchangiaji wa 3 (Bagamoyo)

Ongeza kwamba alikuwa na mke Louisville, na aliomba kukaa naye. Jina lake mnalo?

Mleta mada

Hatunalo. Clark anamtaja kwenye barua kama mke wa York tu, hakuandika jina. Nitapendekeza kibao kiache mstari mtupu pale jina lingekaa.