Nyumba za Mji Mkongwe zinazoachwa zianguke: zichukuliwe?

Kila ukuta unapodondoka Mji Mkongwe, Unguja, hoja ni ile ile: aliyeitelekeza nyumba anyang'anywe, apewe mwekezaji. Mimi nataka Mamlaka ya Mji Mkongwe, chombo cha serikali kinachosimamia hifadhi ya mji huu, iingie kwa nguvu, lakini isinyang'anye.

Kinachoziua nyumba hizi ni maji. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na dari imebebwa na boriti za mikoko. Bati likitoboka likaachwa masika mawili matatu, boriti inaoza pale ilipozama ukutani, kisha ukuta unafura. Na nyumba zetu zimeegemeana. Jirani aliyetunza yake miaka yote anajikuta ana ufa usio wake.

Bati halizibwi kwa nini? Mara nyingi nyumba haijagaiwa. Babu kafariki, warithi ni wengi, huyu Muscat, yule Dubai, mwingine London, na kila mmoja anangoja mwenziwe atoe pesa. Onyo apelekewe nani? Ukiitaifisha, unamwadhibu pia shangazi anayeishi chumba cha chini, ambaye ndiye pekee aliyebaki kuifagia. Tena watu hapa hawajasahau majumba yaliyochukuliwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Mengi yalijazwa wapangaji wa kodi ndogo, na kodi ile haikutosha hata chokaa.

Pendekezo langu: Mamlaka izibe paa na kuegemeza ukuta bila kusubiri sahihi za warithi wote. Gharama iandikwe kuwa deni juu ya nyumba, ilipwe kwa kodi ya maduka ya chini mpaka iishe. Hati ibaki kwa warithi.

Na sheria hiyo ianze na majengo ya serikali na ya Wakfu. Beit al Ajaib, jumba la zamani la masultani lililojengwa 1883, lilikuwa mikononi mwa serikali, tena likikarabatiwa, sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Mwenye nyumba mkubwa kuliko wote hawezi kuandikia wengine deni huku yake inavuja.

Naomba zaidi majibu ya warithi mlioko nje. Deni likiandikwa juu ya nyumba ya babu yenu, mtalikubali, au mtakwenda mahakamani?