Mwanangu ana pumu ya ngozi: nimwachishe vyakula gani, na je, mafuta ya nazi yanatosha?

Mama wa Kwanza, Dar es Salaam

Wanajukwaa, nawasalimu na kuomba ushauri katika jambo linaloninyima usingizi. Binti yangu ana miezi 11. Tangu alipofikisha miezi minne, ngozi ya mashavu yake ilianza kukauka na kupasuka, kisha upele ukashuka hadi kwenye viwiko na nyuma ya magoti, na sasa usiku hujikuna mpaka shuka linapata madoa ya damu. Zahanati walituambia ni pumu ya ngozi, yaani ukurutu, wakatupa krimu. Alipata nafuu kwa wiki mbili, tukaacha kumpaka, hali ikarudi kama awali.

Mama mkwe wangu anaamini kwamba chanzo ni chakula. Kwa hiyo kwa miezi miwili sasa nimemwachisha maziwa ya ng'ombe, mayai, samaki na karanga, na mimi ninayemnyonyesha nimeviacha pia. Anachokula ni uji wa lishe, viazi, ndizi na mboga za majani. Upele haujapungua, na kliniki ya mwezi huu imeonyesha kwamba uzito wake umeshuka chini ya mstari aliokuwa akiufuata. Wiki iliyopita nilimpaka ndimu na manjano kwa ushauri wa jirani, akalia kwa uchungu kiasi kwamba nami nililia. Nitajuaje chakula kinachomdhuru, na ni kitu gani cha nyumbani ninachoweza kumpaka bila kumuumiza?

Mjukuu wa Pangani

Pole sana, dada yangu. Sisi tulilelewa na bibi kwa mafuta ya nazi na maji yaliyochemshwa majani ya mwarobaini, na wadogo zangu wawili waliokuwa na ukurutu walipona. Jaribu hayo kabla ya krimu za dukani.

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, pole kwa kukesha. Nimefanya kazi na watoto kwa miaka mingi, na naomba nianze na hicho chakula, kwa sababu uzito wa mtoto ndio unaonitia wasiwasi kuliko upele.

Umesema umemwachisha karanga, lakini unampa uji wa lishe. Soma pakiti, au muulize aliyekusagia. Unga wa lishe mwingi huchanganywa mahindi, ulezi, mtama, soya na karanga, na wengine huongeza ngano, maziwa ya unga au dagaa. Kama zimo karanga, basi mtoto amekuwa akizila kila siku bila wewe kujua, na miezi miwili ya kujinyima haikukuambia lolote. Anayetaka kujua chakula kinachomdhuru mtoto hawezi kujua kwa kutumia mchanganyiko wa nafaka saba. Sagisha ulezi peke yake au mahindi peke yake, na kila kingine kiongezwe kwa zamu, kimoja kimoja, kwa siku kadhaa.

Mzio halisi wa chakula mara nyingi hujitambulisha wenyewe. Ndani ya dakika chache, au saa mbili hivi, mtoto huvimba midomo au macho, hutoka mabaka yaliyoinuka yanayowasha, hutapika, hukohoa au kupumua kwa shida. Akipumua kwa shida au akilegea ni dharura, apelekwe hospitali hapo hapo. Upo pia mzio wa taratibu unaochochea upele baada ya siku moja au mbili, nao ni mgumu kuutambua kwa macho, kwa sababu pumu ya ngozi hupanda na kushuka yenyewe kwa joto, jasho, vumbi, mafua na sabuni. Njia inayokubalika ni kuondoa chakula kimoja kinachoshukiwa kwa wiki mbili hadi nne, kisha kukirudisha na kuangalia, haya yote chini ya daktari. Vipimo vya damu havitoshi peke yake, kwa kuwa mtoto anaweza kuonekana ana mzio wa yai kwenye karatasi ilhali hula yai bila shida.

Kuepuka vyakula pasipo sababu kuna hatari nyingine mbali na utapiamlo. Mwaka 2015 utafiti uliofanywa Uingereza kwa watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai ulionyesha kwamba, walipofikisha miaka mitano, takriban asilimia 17 ya walioepushwa karanga walikuwa na mzio wa karanga, ilhali kwa waliolishwa mapema ilikuwa asilimia 3. Mwili huzoea chakula kinachopita tumboni, lakini kikigusa kwanza ngozi iliyopasuka, unaweza kukichukulia kama adui. Ndiyo maana simshauri mzazi yeyote kupaka mafuta ya karanga kwenye upele. Ila usikimbilie leo kumrudishia vyote, kwa sababu mtoto aliyeachishwa chakula kwa muda mrefu anaweza kupata mzio wa ghafla anapokionja tena. Mwambie daktari kila ulichoondoa, naye akupangie utaratibu.

Kuhusu ngozi yenyewe: ukuta wake umelegea, maji yanatoka na vichochezi vinaingia. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika tano hadi kumi, bila sabuni yenye manukato, umkaushe kwa kumgusagusa, na ndani ya dakika tatu umpake mafuta mgando yasiyo na harufu, kwa wingi. Mtoto mwenye upele wa mwili mzima humaliza hata robo kilo kwa wiki, kwa hiyo usibane.

Mjukuu wa Pangani, nakubaliana nawe nusu. Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila kuunguzwa ni mazuri, yanalainisha ngozi na hupunguza bakteria wanaopenda kukaa kwenye upele. Lakini mwarobaini kwa mtoto mchanga simshauri, wala ndimu, vitunguu saumu au manjano, maana ngozi iliyo wazi huungua. Oti zilizosagwa hadi kuwa unga laini na kukorogwa kwenye maji ya kuogea hutuliza muwasho, mradi mtoto hana mzio nazo.

Mama Mayai

Mama mwenzangu, nyongeza ndogo. Mwanangu alikula kipande cha yai akiwa na miezi minane, na kabla sijaosha sahani midomo ilikuwa imevimba. Hapo sikuhitaji kubahatisha. Wewe andika kwenye daftari alichokula, saa ngapi, na ngozi ilivyokuwa. Daftari langu ndilo lililomsaidia daktari kuliko maelezo yangu yote.

Mama wa Kwanza

Shikamoo, mama muuguzi, na ahsanteni wote. Nimesoma pakiti: karanga na soya zimo. Nimehuzunika sana. Je, ile krimu ya zahanati niirudie? Niliogopa kwa sababu wanasema ina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, na itamchubua.

Muuguzi Mstaafu

Marahaba. Hofu yako naielewa, kwa kuwa zipo krimu kali zinazouzwa mitaani bila maelezo, na hizo ndizo zinazochubua na kuifanya ngozi kuwa nyembamba. Haidrokotizoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi nyepesi, inayopakwa kwa siku chache kwenye sehemu iliyowaka tu, ni jambo tofauti kabisa. Piga picha ya tyubu, umwonyeshe mfamasia au daktari. Usimpake krimu isiyo na jina la dawa. Na ukiona usaha, homa, au malengelenge madogo yaliyosambaa haraka, usingoje kesho.

Mama wa Kwanza (wiki nne baadaye)

Ilikuwa haidrokotizoni, na daktari alisema tuliiacha mapema. Namwogesha jioni, nampaka mafuta mgando, na mchana mafuta ya nazi ya mama mkwe, ambaye sasa ndiye anayesimamia daftari. Samaki na maziwa vimerudi, kimoja baada ya kingine, bila tatizo. Uzito umepanda kutoka kilo 7.6 hadi 7.9. Kwenye viwiko bado upo upele, lakini analala mpaka alfajiri. Yai na karanga tumepangiwa kuonjeshwa kliniki, tukiwa mbele ya daktari, Alhamisi ijayo.